Tonge la Mjomba

Zamani mwali wa Kiluguru alipotoka ndani amenenepa, ukoo mzima ulipiga vigelegele. Siku hizi mwanamke huyohuyo anapelekwa Dar es Salaam kukatwa tumbo ili apungue.

Ninamzungumzia Mwanahawa, mtoto wa dada yangu Shamsia. Kwetu milimani mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kwa desturi mimi, kaka wa mama yake, ndiye niliyekuwa na kauli juu yake kuliko hata baba aliyemzaa. Naandika hivi kwa sababu wengi mjini Morogoro walimjua kama fundi cherehani mnene wa Mafiga, na wengine wakamjua kama yule mama aliyekatwa tumbo. Hakuna aliyeandika ni mtu wa namna gani.

Alizaliwa mwaka 1984 katika kitongoji chetu, juu kabisa ya Bigwa, mahali ambapo hata leo pikipiki inafika mwisho wa barabara na kukushusha, ukabaki na miguu yako. Alikuwa mtoto mwembamba wa mbio. Alfajiri alishuka na mama yake wakiwa na ndizi na maharage kichwani, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kupanda tena. Sikumbuki hata siku moja kumwona akiketi njiani.

Mwaka 1998 alivunja ungo, akawekwa ndani. Hapo nyuma wasichana walikaa ndani mwaka na zaidi. Kwa enzi zake ilikwisha kupunguzwa, kwa ajili ya shule, ikawa likizo moja ndefu na wiki chache za kuongezea ambazo nilimwombea ruhusa kwa mwalimu mkuu kwa barua niliyoiandika mwenyewe. Kazi ya mwali ilikuwa kufundwa na kula. Nilipeleka asali, nilipeleka mbuzi, nilipeleka karanga gunia zima. Alipotolewa nje, shingo ilikuwa na mikunjo mitatu na bangili za shaba za bibi yake hazikumpita mkononi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde wakajibu. Mimi, kama mjomba, nilimlisha tonge la kwanza la nje, mbele ya watu. Hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyofanya kwa kila aliyekaa ndani: mwali, mzazi, hata mgonjwa aliyelala muda mrefu. Kabla mjomba hajakulisha tonge, ulihesabiwa bado uko ndani.

Nilijivuna siku ile. Nilisema kwa sauti, "Huyu ndiye mtoto aliyelishwa!" Watu wakacheka, naye akainama kwa haya huku akitabasamu. Sikuona kitu cha kujutia.

Wazee wetu walikula vilevile, lakini kesho yake walishika jembe. Mama yangu alikuwa mnene, akapanda mlima na mtungi wa maji hadi mwaka aliokufa. Mwanahawa alishuka mjini kujifunza ushonaji, akakaa. Alikaa kwenye cherehani kutoka asubuhi hadi jioni, soda pembeni, chipsi zikaletwa kwenye mfuko, na akitaka kwenda msikitini au sokoni pikipiki ilimfuata mlangoni. Mji umewafundisha watu wetu kukaa, na wao wakaona ndiyo maendeleo. Aliolewa, miaka sita, hakujaliwa mtoto, akaachika. Aliendelea kushona. Alikuwa fundi hodari. Alipima wanawake wa mji mzima kwa ile tepu yake, na kila mwaka alijishonea yeye gauni pana kuliko la mwaka uliopita. Aliniambia siku moja, akicheka, "Mjomba, tepu yangu imekwisha kabla sijajizunguka. Itabidi niunganishe mbili."

Nikamjibu, "Ndiyo heshima ya mwanamke." Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, miaka yote.

Sukari ilimwingia, kisha presha, kisha magoti. Usiku alikoroma hadi mdogo wake Nasra, aliyekuwa akiishi naye, akaogopa kulala, maana kuna wakati pumzi ilikatika kabisa kisha ikarudi kwa kishindo.

Halafu mwaka 2021 Shamsia akafariki.

Tulimzika juu, karibu na mama yetu. Kutoka mwisho wa barabara hadi makaburini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mzima wa afya. Mwanahawa alitembea dakika ishirini, akaishiwa pumzi, midomo ikabadilika rangi. Alikataa kurudi. Alisema, "Siwezi kumwacha mama aingie kaburini mwenyewe." Basi wanaume wanne wakachukua machela nyingine wakambeba. Kwenye lile jiwe kubwa la njia panda waliishusha ili wabadilishane mabega, na mmoja wao, Yunusi, akafuta jasho akasema:

"Leo tunazika mmoja, lakini tumebeba wawili. Na huyu wa pili ndiye mzito!"

Watu wakacheka. Kwenye misiba yetu watani wana ruhusa ya kusema lolote, na Yunusi alikuwa mtani wetu. Hata mimi nilitabasamu. Mwanahawa alikuwa amelala chali, khanga usoni, na tumbo lake lilikuwa likitikisika. Nilidhani anacheka.

Tangu siku ile hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kupanda kwa miguu yake hadi kwenye kaburi la mama yake. Hakusema anataka kuwa mzuri, wala hakusema anataka mume. Alisema, "Nikipanda mwenyewe mara moja tu, nikamsomea mama Yasini nikiwa nimesimama, basi."

Alijaribu kwanza zile njia nyepesi. Alinunua majani ya chai ya kupunguza tumbo yanayouzwa stendi ya Msamvu kwa kipaza sauti, akaharisha wiki mbili na akarudi palepale. Alikwenda hospitali, akapangiwa chakula na mazoezi. Alipungua kilo saba, akarudisha tisa. Kisha akachomwa sindano za kila wiki, zile za kumpunguzia mtu njaa. Hizo zilimsaidia kweli, lakini zikaadimika, na kila alipozikosa njaa ilirudi kama mtu aliyedhulumiwa. Huko Dar es Salaam wakampitishia puto mdomoni mpaka tumboni, wakalijaza maji, lichukue nafasi ya chakula. Lilikaa miezi sita. Lilipotolewa, daktari akamwambia ukweli: kwa uzito wake na kwa sukari yake, kilichobaki ni upasuaji.

Daktari yule alikuwa mwanamke, Dokta Witness. Nasra, aliyekuwapo, alinisimulia alivyowaeleza. Alisema watapitisha vifaa kwenye matundu madogo matano, watakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kuitoa, na kitakachobaki kitakuwa na umbo na ukubwa wa ndizi moja. Wataziba ukingo kwa pini ndogo ndogo. "Sitakuwa nimekuponya," alimwambia Mwanahawa. "Nitakuwa nimekupa kifaa. Kukitumia ni kazi yako ya maisha, na vidonge vya vitamini utakula mpaka uzeeni."

Mwanahawa akauza cherehani zake mbili kati ya tatu, akaingia hospitali Machi 2023. Mimi nilijua alipokwisha kukatwa.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Hakuniuliza. Mtoto wa dada yangu alipasuliwa, akatolewa nyama ya mwili wake, na mjomba akapigiwa simu kama jirani. Zamani hata jino halikung'olewa bila mjomba kukaa kwanza na kusema ndiyo. Nilikaa barazani siku mbili. Nilisema moyoni: haya, wamekwisha kutufuta.

Alirudi Mafiga baada ya siku kumi. Siku ya kumi na saba tangu akatwe nikashuka. Nilibeba jogoo, na mchele wa mlimani kutoka shamba la Shamsia mwenyewe, na nilikuwa nimewaita wanawake wa ukoo, wanane hivi, wakutane nyumbani kwa Mwanahawa. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake, ameanza kupungua usoni, ana kikombe kidogo cha plastiki kama cha dawa ya mtoto. Alikuwa anakunywa supu iliyochujwa, funda moja, anasubiri, funda jingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndiyo chakula hicho?"

"Ndiyo chakula, mjomba." Akacheka. "Usinionee huruma. Sisikii njaa hata kidogo. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa siku nzima nisiwaze chakula. Kumbe watu wembamba wanaishi hivi? Mbona hamkuniambia?"

Wanawake waliingia jikoni. Nasra alipoona kuku amechinjwa akaja na karatasi ya hospitali.

"Mjomba, samahani. Dokta ameandika. Wiki nne vitu vya kunywa tu, halafu vya kupondwa. Wali bado kabisa."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Nikavaa miwani. Mimi sikupita darasa la nne, Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi na magazeti ya zamani, na sipendi mtu afikiri kwamba karatasi inanishinda. Nikaisoma yote kwa sauti na kuifasiri mstari kwa mstari, wanawake wakisikiliza mlangoni. Wiki ya kwanza na ya pili, maji na supu iliyochujwa. Ya tatu na ya nne, uji mwepesi na maziwa. Chakula kigumu kinaweza kuzibana na kuzifungua pini. Nilifasiri hata neno la kuvuja. Mmoja wa wanawake akasema, "Mjomba anajua!" Nikaikunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Kisha nikasema, "Sawa. Nimeisoma. Lakini aliyeiandika hajui kwamba huyu bado yuko ndani. Amelazwa hospitali, amekatwa kisu kama mzazi, na hajatolewa. Sikuja kumshibisha. Nimekuja kumtoa."

"Mjomba, tumtoe kwa uji," Nasra akasema.

"Umeona wapi mwali anatolewa kwa uji?"

Wanawake wakacheka. Wakubwa kati yao wakaniunga mkono. Mmoja alisema mzazi aliyepasuliwa hupewa mtori na wali mwingi ili kidonda kifunge, na hili nalo si tumbo? Wote tuliwaza hivyo. Tulikuwa tukiwajua wanawake waliopasuliwa kwa ajili ya mtoto. Mwanamke aliyepasuliwa kwa ajili ya chakula tulikuwa hatujamwona.

Sinia likaletwa. Nikanawa. Nikafinyanga tonge dogo, dogo kweli, kama ncha ya kidole gumba, nikachovya kwenye mchuzi. Mwanahawa alinitazama. Macho yake yalikuwa ya mama yake kabisa.

"Mjomba, utaniua," akasema, nusu kwa mzaha.

"Hufi. Nani alishakufa kwa tonge la mjomba?"

Angekataa ningeondoka nisikanyage tena pale. Nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo, naye aliliona usoni pangu. Akafungua mdomo. Alitafuna muda mrefu sana, kama alivyofundishwa, akameza. Vigelegele vikapigwa. Vile vigelegele! Miaka ishirini na mitano nilikuwa sijavisikia kwa sababu yangu. Mkono wangu ukafinyanga tonge la pili bila kuniuliza, na hilo halikuwa dogo. Akala. Nikamwekea la tatu, na nyama. Akala, machozi yakimtoka, na mimi nikawaambia wanawake kwamba analia kwa kumkumbuka mama yake.

Alitapika kabla sijafika Bigwa. Kesho yake alisema bega la kushoto linamuuma. Wakampaka dawa ya kuchua. Siku ya tatu homa ikapanda, moyo ukawa unakimbia hata akiwa amelala, na Nasra akampigia Dokta Witness. Nasikia dokta hakumaliza kusikiliza. Alisema, "Mlete sasa hivi. Usisubiri asubuhi."

Tumbo lilikuwa limevuja. Lilifunguliwa mara ya pili, na safari hii si kwa matundu madogo, bali kwa mkato mrefu. Alilala huko wiki saba, na kati ya hizo wiki mbili kwa mashine ya kupumulia. Alilishwa kwa mpira, na mpira mwingine ukatoa uchafu ubavuni.

Nilikwenda Dar es Salaam wiki ya nne, alipoanza kuongea. Dokta Witness alikuwa kando ya kitanda, na mimi nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Dokta alikuwa anamuuliza kwa upole, lakini ni ule upole wa mtu aliyechoka.

"Mwanahawa, niambie ukweli. Ulikula nini?"

Alinitazama juu ya bega la dokta. Kisha akasema kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira:

"Wali. Nilishikwa na hamu, nikauiba jikoni."

"Nani alikupa?"

"Nilikula mwenyewe."

Dokta akamkaripia. Akamwambia kwamba kuvuja kunaweza kumpata hata mtu asiyekosea kitu, kwa hiyo hawezi kusema kwa hakika ni wali, lakini wali haukusaidia, na kwamba mtu mzima anapaswa kujizuia. Alilikubali lile karipio, ameinamisha macho, kama mwali anayefundwa. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari kinywani. Nikasubiri dokta amalize. Alipomaliza akanigeukia.

"Wewe ni baba yake?"

"Mjomba wake."

"Basi mzee, mtusaidie. Mtu wa heshima kama wewe akimwambia, atasikia."

Nikasema, "Tutamwambia."

Hayo tu. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala.

Nikiwa natoka, Nasra alinisindikiza hadi ngazini. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mjomba, ile karatasi uliisoma mwenyewe. Tulikusikia." Akarudi wodini.

Nimewahi kujitetea. Nimesema ni mji, ni soda, ni pikipiki, ni madaktari wanaokata kabla ya kuuliza. Na ni kweli mji umetuharibu, sitalifuta hilo. Lakini desturi ile niliyokuwa naililia, ya mjomba kulisha tonge, wazee waliiweka ili mtu atoke ndani aende kwenye jua. Mimi niliitumia kumrudisha mtu chini ya mkono wangu. Shamsia angelijua hilo papo hapo, angelisukuma lile sinia likamwagika.

Mwanahawa alipona taratibu. Sukari ilishuka mpaka akaachishwa sindano za sukari. Alipungua zaidi ya nusu ya uzito wake, ngozi ya mikono ikabaki inaning'inia, akajishonea mikono mirefu. Nasra aliolewa Gairo, naye Mwanahawa akamfuata na cherehani yake moja, akafungua chumba cha ushonaji karibu na soko. Huwa ananitumia salamu kwa simu ya jirani, kila Idi. Hajawahi kuniuliza chochote, nami sijawahi kumwambia.

Mara ya mwisho nilimwona Juni mwaka 2024. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, na mimi nilikuwa barazani namenya mihogo. Njia ya makaburini inapita mbele ya nyumba yangu. Niliona mwanamke mwembamba anapanda na fimbo, nikadhani ni mmoja wa wale wauguzi wa chanjo. Akasimama njiani, akashika kiuno, akavuta pumzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu kama ninavyomjibu mtoto wa mtu yeyote. Kisha sauti ikanifika. "Mwanahawa?"

"Ndiye mimi."

"Umepanda kwa miguu?"

"Kwa miguu. Nimepumzika mara nne. Pikipiki ilitaka kunileta mpaka mwisho wa barabara, nikaikataa."

Nikasimama, mihogo ikaanguka. Nilikuwa na mwaka mzima wa maneno. Nilifungua mdomo, na haya ndiyo yaliyotoka:

"Karibu, karibu. Pita kwanza ule."

Alinitazama kidogo. Kisha akacheka, kicheko chake kilekile cha kwenye cherehani, na akagonga kichupa kidogo kilichofungwa kiunoni kwa khanga.

"Nimeshiba, mjomba. Uji wangu ninao. Niache nimuwahi mama kabla jua halijawa kali."

"Utapita ukirudi?"

"Nikirudi nitashukia njia ya upande wa pili. Nasra ananisubiri kule na gari."

Akaendelea. Nilibaki na kisu mkononi. Alipofika kwenye lile jiwe la njia panda, pale walipoishusha machela yake, alikaa. Nilisema sasa, nimfuate, ni hatua mia mbili tu, hata mimi naweza. Nilikuwa bado nasema hivyo alipoinuka mwenyewe, akakung'uta khanga, akashika fimbo, na migomba ikamficha kuanzia miguuni, kisha mgongo, kisha kitambaa cha kichwani.